Kompyuta ndani ya friza ya sangara

Mita ya LUKU uliyoiingizia tarakimu 20 jana usiku ni kompyuta. Mizani ya dijitali pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nayo ni kompyuta, na kadhalika kidhibiti chaji kinacholinda betri ya taa za wavuvi wa dagaa. Hii ndiyo mifumo pachikwa: kompyuta iliyofungiwa ndani ya kifaa, inayofanya kazi moja miaka nenda miaka rudi, bila mtu wa kuizima na kuiwasha ikigoma. Sharti hilo la mwisho ndilo linaloumiza vichwa. Kuandika programu yenyewe ni kazi nyepesi.

Tuchukue friza ya sangara. Chipu ya ATmega328P, ile ya kwenye Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta inayopendwa na wanaojifunza, ina kilobaiti 32 za programu na 2 tu za kufanyia kazi. Kwa friza, zinatosha na kubaki. Sensa ya joto iwe DS18B20 iliyofungwa kwenye kijibomba cha chuma: nyaya tatu, na rizista ya kiloohm 4.7 kati ya waya wa data na wa chanya.

Agizo ni fupi: kompresa iwake joto likipanda hadi nyuzi -18, izime likishuka hadi -21. Sasa waya wa sensa ukatike. Maktaba ya programu (msimbo ulioandikwa tayari) inayotumiwa sana kusomea sensa hii itarudisha -127, programu itaamini friza imeganda kupita kiasi, kompresa haitawaka, na samaki wataoza huku kila kitu kikionekana kizima. Upande wa pili kuna 85: ndiyo namba sensa inayoamka nayo kabla haijapima. Isubiri milisekunde 750, kisha ukatae namba zote mbili na upige king'ora.

Umeme ukikatika na kurudi, usiwashe kompresa papo hapo. Shinikizo la gesi halijasawazika, hivyo mota itakwama na kuchemka. Ipe dakika 5. Hapo kwenye kuhesabu muda pana mtego: saa ya milisekunde ya Arduino hurudi sifuri baada ya siku 49 na ushee. Ukiandika "sasa imezidi mwanzo jumlisha muda", hesabu itavurugika siku hiyo. Andika "sasa kutoa mwanzo imezidi muda", ukitumia namba zisizo na alama ya hasi, nayo itavuka salama. Majaribio ya wiki moja mezani hayataonyesha kosa hilo kamwe.

Washa pia kipima-muda mlinzi, kinachoianzisha chipu upya programu ikiganda. Kwenye chipu hii kikomo chake ni sekunde 8. Na usihifadhi joto kila sekunde kwenye EEPROM, kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Seli yake imehakikishiwa kuandikwa mara 100,000, yaani chini ya saa 28 kwa mwendo huo.

Relei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) ndogo za bluu zilizoandikwa ampea 10 sizipendi kwa kompresa. Mkondo wa kuwaka ni mara kadhaa ya ule wa kawaida, midomo ya relei huungana, na friza haizimiki tena. Relei iwashe kontakta, yaani swichi kubwa ya aina hiyohiyo, kontakta ibebe kompresa.

Mwisho ni boksi. Wadudu wa ziwani, wale wanaotanda kama moshi, hufuata mwanga wa skrini na kupenya kila tundu. Ziba kwa silikoni, nyaya ziingilie chini ili maji yanayotiririka yadondoke kabla ya kufika kwenye sakiti.