Je, wajua kwa nini mchoro wa pikseli bilioni 717 haumalizi mega za simu yako?

Januari 2022, jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, liliweka mtandaoni picha mpya ya De Nachtwacht, mchoro mkubwa wa Rembrandt wa mwaka 1642. Picha hiyo ina pikseli, yaani nukta ndogo za rangi, bilioni 717 na imeungwa kutokana na picha 8,439 zilizopigwa moja moja. Faili lake ni terabaiti 5.6, yaani zaidi ya mega milioni tano. Hata hivyo, mwanafunzi wa Lubumbashi aliyeketi kitandani Kasapa, kwenye mabweni yale yanayoitwa home, anaweza kuizungukia kwa mega 100 na salio likabaki. Inawezekanaje?

Ni kwa sababu simu haiifungui picha nzima hata mara moja. Picha kama hiyo hukatwakatwa vipande vya mraba, mara nyingi pikseli 256 kwa 256. Kisha hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu, ikakatwa tena, ikapunguzwa tena, mpaka yote itoshe katika kipande kimoja. Matabaka hayo hupandana kama piramidi, na simu huomba tu vipande vinavyohitajika kujaza kioo. Kioo cha pikseli 720 kwa 1600 hujazwa na vipande 21 hivi, na vichache vya pembeni. Kipande kikiwa na kilobaiti 10 hadi 30, kioo kizima hugharimu karibu nusu mega.

Kila unapokuza mara mbili, unashuka tabaka moja. Kutoka mchoro mzima hadi chini kabisa ni hatua kumi hivi, yaani mega tano au zaidi kidogo. Na huko chini kuna mambo! Milimita moja ya mchoro imepewa pikseli 200, kwa hiyo upana wote wa kioo chako unabeba milimita 3.6 tu. Unaona rangi iliyopasuka kama udongo wa kiangazi. Mgeni anayesimama mbele ya mchoro wenyewe haoni hivyo kwa macho matupu.

Ule ukungu wa mwanzo, basi, si ubovu wa picha. Ni tabaka la juu lililotandazwa huku vipande vya chini vikisubiriwa. Mtandao ukiwa dhaifu, miraba michache hubaki na ukungu. Usiufungue ukurasa upya. Rudi nyuma kidogo, kisha kuza tena, nayo simu itaomba vile vilivyokosekana. Epuka pia dirisha la faragha la kivinjari: ukilifunga, vipande vilivyohifadhiwa hufutwa, na kesho utavilipia tena. Ukihofia umeme wa SNEL kukatika kabla hujamaliza, piga picha ya kioo kwenye sehemu unazozihitaji.

Kinachokula mega ni matembezi ya ndani ya jumba, yale ya kubofya mishale. Kila mshale huleta picha mpya ya mzunguko, dari na sakafu pamoja, wakati wewe unataka ukuta mmoja. Afadhali uende moja kwa moja kwenye ukurasa wa kazi yenyewe. Kitufe cha kupakua nacho ni hesabu nyingine: hakileti vipande, huleta faili zima kwa mkupuo, kwa hiyo soma ukubwa wake kwanza kama umeandikwa.

Na unapotafuta kazi za kwetu kwenye tovuti za makumbusho, usiandike Lubumbashi wala Katanga. Nyingi zimeorodheshwa kwa jina la kabila la waliozitengeneza: Luba, Hemba, Songye. Andika "lukasa" na utafika kwenye ubao wa kumbukumbu wa Waluba ulioko Brooklyn Museum, New York. Wajuzi wa chama cha Mbudye waliushika ubao wa namna hiyo kwa mkono wa kushoto, wakapitisha kidole cha kulia juu ya shanga huku wakisimulia habari za wafalme. Picha haikupi mguso huo, lakini kuza hadi shanga moja ijaze kioo, utazame kivuli chake: kivuli kirefu ni shanga iliyoinuka. Kisha tafuta picha ya upande wa nyuma, kama ipo. Mbao nyingi za lukasa zimechongwa mistari mgongoni, mfano wa magamba ya kobe.