Mpira wa Presha wa Pawa Stelingi Unapovuja Kwenye Gari la Zamani

Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 1990 ambayo bado yanatembea katika barabara zetu, kama vile Corolla AE110 na Mark II GX100, yanatumia pawa stelingi ya mafuta. Pampu inayozungushwa na mkanda wa injini husukuma mafuta hadi kwenye raki, yaani kifaa cha chini kinachosukuma matairi ya mbele kulia na kushoto, na nguvu ya mafuta hayo ndiyo humsaidia dereva kugeuza matairi. Katika umri huu mipira inayopitisha mafuta hayo imekwisha kuchoka, kwa hiyo kuvuja si jambo la kushangaza. Kinachonisikitisha ni kuona mwenye gari akiuziwa raki nzima au pampu nzima wakati kilichoharibika ni mpira mmoja, au pengine washa mbili tu za shaba, vile vipete vya kuzibia maungio. Ndiyo maana katika kazi hii natumia muda mwingi zaidi kutafuta chanzo kuliko kufungua na kufunga.

Mfumo wenyewe una mipira mitatu. Wa kwanza unatoa mafuta kwenye kikopo yanamohifadhiwa na kuyapeleka kwenye pampu. Wa pili unatoka kwenye pampu kwenda kwenye raki. Wa tatu unayarudisha mafuta kikopo, mara nyingi ukipitia bomba la chuma lililopindwa mbele ya rejeta ili yapoe kidogo. Huo wa pili peke yake ndio wenye presha kubwa. Gari likienda moja kwa moja presha huwa ndogo, lakini usukani ukikatwa hadi mwisho, presha katika gari dogo inaweza kufika bar 60 hadi 80, wakati tairi la gari hilohilo hujazwa bar 2 na ushee. Kwa sababu hiyo mpira wa kurudishia unaweza kufungwa kwa klempu ya kawaida, yaani pete ya chuma ya kubania, na ukadumu, ila mpira wa presha haukubali klempu hata kidogo. Ukiona mpira wa presha uliokatwa, ukachomekwa kipande cha bomba katikati na kufungwa kwa klempu mbili, fahamu kwamba gari hilo halifai kuendeshwa, hata kama siku hiyo halidondoshi tone.

Mpira wa presha una ncha za chuma, na kati ya chuma na mpira kuna kikombe kilichobanwa kwa mashine. Ndani ya mpira kuna tabaka za nyuzi zinazouruhusu utanuke kidogo, na kutanuka huko kumekusudiwa: pampu husukuma mafuta kwa mapigo, na mpira huyameza mapigo hayo yasifike mikononi mwa dereva wala kuunguruma kwenye bodi. Joto la injini likiukausha, unakuwa mgumu, haushiki tena vizuri ndani ya kikombe, na mafuta yanaanza kujipenyeza hapo kabla hata mpira haujapasuka popote. Upande wa chuma, adui ni kutu. Magari yaliyotoka mikoa ya Japani yenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi, huja na mabomba yaliyokwisha kuanza kulika chini, na hewa ya chumvi ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa humalizia palipobaki.

Kabla ya kufungua nati yoyote, nahakikisha kwanza kwamba kinachovuja ni mafuta ya pawa stelingi. Katika magari haya mara nyingi ni ATF, yaani mafuta ya gia ya otomatiki, ambayo ikiwa mpya ni nyekundu na ikizeeka huelekea rangi ya kahawia, hivyo rangi peke yake haitoshi. Kiwango kwenye kikopo kikishuka huku oili ya injini ikibaki palepale, shaka inapungua. Ikiwa gari lina gia ya otomatiki, angalia na kijiti cha kupimia mafuta ya gia pia, maana mafuta ni ya aina moja na watu wengi wamechanganyikiwa hapo. Baada ya hapo injini ikiwa imepoa naosha eneo lote, kuanzia kwenye pampu hadi kwenye raki, nakausha kwa kitambaa na upepo, kisha napaka poda nyeupe ya kawaida kwenye maungio yote. Mtu mmoja anakaa kwenye usukani, injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa mafuta, anakata taratibu kulia na kushoto, nami naangalia kwa tochi. Poda inalowa pale mafuta yanapoanzia, nawe unaona kwa macho yako mstari unavyoshuka.

Mama mmoja aliwahi kuniletea Corolla ya aina hiyo akiwa amekwisha kutafuta raki ya kununua.

“Fundi, wameniambia raki imekwisha, mafuta yanamwagika hapo chini.”

“Shikamoo, mama. Hebu tuioshe kwanza, kisha tutaangalia sote.”

Raki ilikuwa imelowa kweli, tena mafuta yameganda na vumbi kuizunguka yote. Ila baada ya kuosha na kupaka poda, sehemu ya kwanza kulowa ilikuwa ukingo wa chini wa kikombe cha mpira wa presha. Kila usukani ulipokatwa hadi mwisho, tone dogo lilichomoza pale, likafuata bomba la chuma, likapita juu ya nati ya raki na kusambaa. Nilifungua pia mpira wa kuzuia vumbi wa pembeni mwa raki, ukawa mkavu ndani. Hicho ndicho kipimo muhimu: sili za pembeni mwa raki, vile vizibo vya mpira vinavyozuia mafuta yasitoke, zikifa, mafuta hujikusanya ndani ya ile mipira ya vumbi. Kama ni mikavu, sili hizo hazina kosa.

Mambo mawili ya usalama nayasisitiza hata kwa mafundi wenzangu. La kwanza, usipapase mpira wa presha kwa mkono injini ikiwa inaunguruma. Mafuta yanayotoka kwenye tundu dogo kwa presha kubwa yanaweza kupenya ngozi. Jeraha linaonekana kama limechomwa na sindano, lakini ndani madhara ni makubwa, na mtu akipatwa anapaswa kwenda hospitali saa hiyohiyo, asisubiri maumivu. Tumia kipande cha boksi kukinga na kutafutia. La pili ni moto. Katika magari mengi mpira huu unapita karibu na menifodi ya eksozi, bomba linalotoa moshi kwenye injini, na mafuta yakirushwa juu ya chuma kilichopata joto sana yanaweza kuwaka. Ukisikia harufu ya mafuta yanayoungua, au ukiona moshi ukitoka chini ya boneti, egesha na uzime injini.

Kuhusu mpira wa kuweka, mpya unaolingana na namba ya gari ndio bora ukipatikana. Mpira wa mtumba kutoka gari lililokatwa siupendi, kwa kuwa una umri uleule na umepata joto lilelile. Njia ninayoitumia zaidi ni kuwapelekea mafundi wanaobana hosi za mitambo: wanakata kikombe cha zamani, wanabaki na ncha za chuma za asili, kisha wanabana mpira mpya kwa mashine. Iko hapa Dar es Salaam na iko Nairobi, na bei yake ni ya kuvumilika. Masharti ni mawili. Ncha za chuma zisiwe zimeliwa na kutu, na mpira unaowekwa uwe wa pawa stelingi, wenye nyuzi. Mara nyingi utapewa hosi ya mitambo yenye wavu wa waya za chuma. Hiyo inastahimili presha bila shida, ila haitanuki, hivyo usukani huanza kuunguruma na mtetemo wa pampu hufika mikononi. Kama hakuna nyingine nakubali kuifunga, lakini namweleza mwenye gari mapema. Kabla ya kukata, chukua picha na uweke alama ya jinsi ncha mbili zilivyoelekeana, kwa sababu mpira uliobanwa ukiwa umejipinda utavutika kila injini inapotikisika.

Wakati wa kufungua, nati ya bomba upande wa raki inataka spana ya ringi iliyokatwa mdomo, ile inayoshika pembe karibu zote. Spana ya kawaida huviringa nati laini kama hizi, na nati ikishaviringwa kazi ya saa moja inakuwa ya siku nzima. Upande wa pampu, pale ambapo bolti yenye tundu hupita katikati ya ncha ya bomba, kuna washa mbili, moja kila upande, na zote mbili zibadilishwe. Washa iliyokwisha kukazwa mara moja imejikandamiza kufuata mikwaruzo ya mahali pake, ukiirudisha itavuja tu. Anza nyuzi za nati kwa vidole, pande zote mbili, ndipo ukaze kwa kipimo cha kitabu cha gari. Mpira usiguse menifodi wala mkanda, na kila kishikizo kirudi mahali pake.

Kwenye mafuta, soma mfuniko wa kikopo. Toyota nyingi za wakati huo zinataka ATF ya Dexron II au III. Honda zina mafuta yake maalumu. Mafuta ya breki yasiingie humo kamwe, yanavimbisha na kulainisha sili za mfumo huu, na hapo ndipo raki nzima itakapokufa kweli. Dawa za kuziba mivujo zinaweza kuvimbisha sili iliyokauka kidogo, lakini kwenye kikombe cha mpira kilicholegea hazifanyi lolote.

Kutoa hewa kunahitaji subira. Matairi ya mbele yainuliwe na gari likae juu ya stendi, siyo jeki peke yake. Injini ikiwa imezimwa, jaza kikopo na ukate usukani polepole kutoka mwisho hadi mwisho, ukiongeza mafuta kadiri yanavyoshuka, hadi mapovu yakome. Ndipo uwashe, urudie ikiwa sailensa, na usishikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde mbili tatu, maana hapo pampu inafanya kazi kwa presha ya juu kabisa na mafuta yanapata joto haraka. Mafuta yakiwa na povu jeupe na pampu inalia, kuna hewa bado; iache gari itulie, kisha urudie. Povu lisipoisha kabisa, tazama mpira wa kwanza, ule wa kutoka kwenye kikopo, kwa kuwa klempu yake ikilegea huvuta hewa ndani bila kudondosha tone nje. Mwisho pima kiwango mafuta yakiwa ya moto, futa maungio yote, paka poda upya, na mwambie mwenye gari arudi baada ya wiki ili muitazame tena pamoja.