Picha nzuri, lakini ngazi hashuki

Fundi umeme mmoja alirudi kliniki miezi miwili baada ya mimi kumfanyia upasuaji wa tundu la jicho. Picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta, ilinifurahisha: bamba la titani limekaa sawasawa, jicho halijazama. Nikamwambia amepona. Akanijibu, "Kupanda ngazi napanda, daktari. Kushuka ndiko kunanishinda. Naona vidato viwili, sijui nikanyage kipi." Alikuwa hajarudi kazini.

Tangu siku ile sianzi na picha.

Sakafu ya tundu la jicho ni mfupa mwembamba mno; ukishika fuvu kavu mbele ya taa, mwanga unapenya. Ngumi au ajali ya bodaboda ikiuvunja, mafuta yanayolizunguka jicho huporomokea kwenye uwazi ulio nyuma ya shavu, pengine pamoja na msuli unaolivuta jicho chini. Tunavirudisha, tunaweka bamba. Ila msuli uliobanwa na kuvilia damu unaweza kubaki na kovu, na kovu halitengenezwi na bamba.

Anayeona viwili akitazama juu kabisa, mara nyingi huzoea. Akitazama chini ni habari nyingine: ngazi, kusoma, sahani ya chakula, njia yenye mashimo. Kwa hiyo nauliza: chai unaimimina wapi, ndani ya kikombe au pembeni? Wengi hupata nafuu ndani ya miezi michache. Isipokuja, ipo miwani ya prizimu, yenye vioo vinavyopinda mwanga ili picha mbili ziwe moja, na baadaye upasuaji wa msuli wenyewe.

Kuna pia ganzi. Mshipa wa fahamu wa shavu, mdomo wa juu na meno ya juu hupita kwenye sakafu hiyohiyo. Mgonjwa uji unamchirizika mdomoni hana habari, anaona aibu kula mbele za watu. Hupungua polepole kwa miezi, na kwa wengine haiishi. Hilo sasa nalisema kabla ya kisu, maana upasuaji nao unaweza kuiongeza.

Mzazi, tafadhali: mtoto aliyegongwa jichoni, anatapika na hawezi kutazama juu, mlete siku hiyohiyo hata kama jicho ni jeupe halina uvimbe. Huenda msuli umebanwa na unakufa.

Yule fundi alivaa prizimu. Mwezi wa nane baada ya upasuaji alikuwa anashuka ngazi bila kufumba jicho moja. Shavu bado lina ganzi.