Kisasi ni nini, na kinaachana wapi na haki

Kisasi ni kumrudishia mtu ubaya aliokutendea wewe au ndugu yako, na kumrudishia kwa mkono wako, bila kumwachia mwingine aamue. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo nzito. Hukumu ya mahakama nayo inauma: kufungwa miaka 20 si mchezo. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba haki ni ya upole na kisasi ni cha ukali. Vyote viwili vinaumiza. Swali ni nani aliyepima, na kama aliyepimiwa alipewa nafasi ya kusema.

Tazama soko la Kadutu, hapa Bukavu, mji wa Kivu mashariki mwa Kongo, siku kijana anaposhikwa na simu isiyo yake. Mmoja anapiga kelele "Mwizi!", wa pili anatupa jiwe la kwanza, wa tatu ameshateremka kwa kadafi, muuza mafuta wa barabarani, kununua petroli ya chupa. Mwenye simu mara nyingi bado yuko kule nyuma kwenye msongamano, hajui hata kwamba imepatikana. Hakuna aliyemuuliza kijana jina. Ukija kuwauliza watu baadaye, wanajibu bila aibu: tukimpeleka polisi, kesho tutamwona mtaani Nyawera anatembea. Jibu hilo si la kipumbavu. Nani hapa hajasikia habari ya mtu aliyetoka kasho, mahabusu ya polisi, usiku uleule kwa sababu ndugu zake walikuwa na pesa?

Ndiyo maana siwaungi mkono wanaoona kisasi kuwa ushenzi mtupu. Ndani yake kuna dai la kweli, kwamba ubaya usipite bure. Kumwambia mama aliyeuliwa mtoto "samehe tu, Mungu anajua", huku muuaji anapita mbele ya mlango wake kila asubuhi, ni kumwonea mara ya pili.

Hata "jicho kwa jicho", maneno ambayo watu huyasoma kama ruhusa ya kulipiza, yaliwekwa kuwa kizuizi. Katika Biblia, kitabu cha Mwanzo sura ya 4, Lameki anajisifu mbele ya wake zake kwamba ameua mtu kwa kumjeruhi tu, na kwamba yeye atalipiziwa mara sabini na saba. Hivyo ndivyo kisasi kinavyokua kikiachwa peke yake. Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kinakuja kusema jicho moja kwa jicho moja, basi. Karibu miaka 1750 kabla ya Kristo, sheria za mfalme Hammurabi wa Babeli zilikuwa zimeshaandika jambo hilohilo, ila kwa ubaguzi: aliyemtoboa jicho mtu wa tabaka la juu alitobolewa lake, na aliyemtoboa mtu wa kawaida alilipa fedha.

Sasa, kipimo kikiwa sawa, kisasi kinakuwa haki? Kingekuwa, kama pande mbili zingekubaliana hesabu inaanzia wapi. Sisi wa Kivu tunajua hazikubaliani. Mmoja atakuanzishia mwaka 1993, mauaji ya soko la Ntoto kule Walikale. Mwingine ataanza na vita vya 1996, wa tatu na vya 1998. Kila mmoja ana wafu wa kweli, na kila mmoja anaona alichofanya yeye ni kujibu tu. Mbele ya jaji shtaka lina tarehe, mahali na jina la mshtakiwa. Ibara ya 17 ya Katiba yetu ya 2006 inasema makosa ya jinai ni ya mtu mwenyewe: hakuna wa kushtakiwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kisasi hakiwezi kuvumilia ibara hiyo. Kikimkosa mkosaji kinamchukua mdogo wake, au yeyote anayezungumza lugha yake.

(Kujitetea ni jambo jingine. Ukimzuia anayekushambulia saa ileile, kwa nguvu inayolingana na hatari, sheria inakulinda. Ukimfuata kwake kesho yake, umeshaingia kwenye kisasi.)

Kama kuna mahali kisasi kingestahili kuitwa haki, ni Kavumu, kaskazini mwa mji wetu, kwenye uwanja wa ndege. Kuanzia 2013 hadi 2016 watoto wa kike wapatao 40 waliibwa usiku vitandani mwao na kubakwa, wengine wakiwa bado wananyonya. Wengi walitibiwa hospitali ya Panzi. Wazazi walilalamika miaka mitatu bila kusikilizwa. Hebu fikiria wangechukua mapanga wakati ule: wangemkata nani? Yule waliyeweza kumfikia, labda jirani mwenye sifa mbaya. Aliyekuwa mkuu wa kundi lililotenda hayo, Frederic Batumike, alikuwa mbunge wa jimbo, ana kinga na ana watu wenye silaha. Kesi ndiyo iliyomfikia. Mashahidi walikuja wamefunikwa mwili mzima, wakasemea nyuma ya pazia, sauti zao zimebadilishwa kwa mitambo. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwafunga maisha, yeye na wenzake 10, na Julai 2018 rufani ikaithibitisha hukumu hiyo.

Ila mahakama inahitaji kuwepo. Februari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wanaingia Bukavu, wafungwa wa gereza kuu walitoroka, na tangu hapo mtu aliyeibiwa au aliyeuliwa ndugu hana uhakika apeleke wapi mashtaka. Akichukua jiwe nitamwelewa. Ila tendo hilo sitaliita haki, kwa sababu bado anaweza kuwa amemkosea mtu, na jiwe halina rufani.

Na mahakama nayo ina deni lake. Majaji wa Kavumu waliamuru fidia pia, lakini miaka ikapita baada ya hukumu familia bado zinaidai. Sheria ya 26 Desemba 2022 iliunda mfuko wa taifa, FONAREV, kwa ajili ya fidia za wahanga wa ubakaji wa vitani na wa uhalifu mwingine mkubwa. Mzazi wa Kavumu akikuuliza hukumu ile ilimpa nini mtoto wake, usimjibu kwa miaka ya gereza. Anauliza habari ya malipo hayo.