Rangi isiyotoka: kalamu na ndoo kwenye Word

"Dada, hii rangi haitoki." Wanaoniletea swali hili zaidi ni wanafunzi wanaomalizia tasnifu. Mtu amenakili aya kwenye tovuti, akaibandika kwenye Word, ikaja na kijivu chake nyuma. Anaenda kwenye kitufe cha kalamu, anachagua "bila rangi", na kijivu kimeng'ang'ana palepale kama doa la mafuta kwenye kanga.

Haitoki kwa sababu anaifuta kwa chombo kisicho chake. Word ina njia mbili za kupaka rangi nyuma ya maneno, na kwa macho matupu ni vigumu kuzitofautisha. Ya kwanza ni hailaiti, ile kalamu, yenye rangi 15 tu. Ya pili ni kivuli, ile ndoo inayomwaga rangi, na hiyo inakupa rangi yoyote uitakayo. Ndani ya faili ni amri mbili, kila moja imehifadhiwa kivyake. Rangi inayosafiri na maandishi kutoka kwenye tovuti mara nyingi ni kivuli, kwa hiyo kalamu haiwezi kuifanya kitu. Chagua maandishi, bonyeza Ctrl pamoja na kibao cha nafasi. Kivuli kikiwa cha aya nzima, Ctrl na Q. (Angalia, ile amri ya kwanza itaondoa na wino mzito na mlazo.) Kinachochekesha ni kwamba amri hizohizo haziigusi hailaiti hata kidogo.

Mimi ni mhariri, na kwangu kalamu ni ya jikoni, ndoo ni ya sebuleni. Ninapofanya kazi napaka njano kila tarakimu ya kuhakiki, pinki kila swali la kumuuliza mwandishi. Hizo msomaji hatakiwi kuziona. Anachotakiwa kuona, kama kisanduku cha tahadhari au safu ya jumla kwenye jedwali, nakiwekea kivuli. Si urembo: kivuli kinakubali kuingizwa ndani ya staili, yaani mpangilio uliohifadhiwa kwa jina, hailaiti haikubali. Ripoti yenye visanduku 30 nikiambiwa bosi hapendi bluu, nabadilisha staili mara moja na vyote vinafuata.

Kuhusu rangi yenyewe, watu huchagua inayopendeza na kusahau maandishi yaliyo juu yake. Miongozo ya WCAG, iliyotungwa kwa ajili ya kurasa za wavuti lakini inafaa hapa pia, inataka maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma vipishane mwangaza kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya njano inapita 19 kwa 1. Nyeusi juu ya bluu iliyokoza ya kalamu haifiki hata 3. Halafu kuna printa isiyo ya rangi pale steshenari: njano yako inatoka karibu nyeupe, nyekundu inatoka kijivu kizito kinachomeza herufi. Ndiyo maana siiachii rangi kazi peke yake. Naongeza wino mzito, au mstari pembeni. Anayeshindwa kupambanua nyekundu na kijani naye atashukuru.

Nyeusi iache kabisa. Wapo wanaofunika namba ya akaunti kwa hailaiti nyeusi wakidhani wameificha, kumbe maneno yapo chini, yanangoja tu kunakiliwa. Januari 2019 mawakili wa Paul Manafort, aliyewahi kuongoza kampeni ya urais ya Donald Trump huko Marekani, waliwasilisha mahakamani hati yenye mistari myeusi ya namna hiyo, na waandishi wa habari wakayanakili maneno na kuyabandika kwingine. Cha siri kifute.

Kabla ya kutuma faili, bonyeza Ctrl na H, weka kishale kwenye kisanduku cha kutafuta, fungua More, kisha Format, kisha Highlight, utafute. Kila hailaiti iliyosahaulika itajitokeza. Kivuli hakimo kwenye orodha hiyo, sababu nyingine ya kutokitumia jikoni.

Nilijifunza hili kwa aibu. Niliwahi kukabidhi ripoti yenye sentensi yangu ya pinki katikati ya sura ya tatu: "Hii hesabu ameitoa wapi?" Mteja akachapisha nakala 40, nyeusi na nyeupe. Pinki ikageuka kijivu safi, ikakaa kama nukuu muhimu iliyopangwa makusudi. Alinipigia siku ya pili yake, sauti ya upole kabisa. Hesabu, akasema, imetoka kwa mhasibu.