Kile kimondo hakikuanguka Likoni

Jana usiku kama saa tatu hivi nilikuwa pale Lighthouse, ufukweni Mombasa, mihogo mkononi, ndimu na pilipili zishatiwa, mara bahari yote ikawaka. Si radi. Radi huwaka ikazima, hii ilikuwa inasafiri, donge la kijani limetokea juu upande wa Nyali linateremka kusini, linang'aa kupita Zuhura mara nyingi sana, mkia wa rangi ya chungwa nyuma, na vivuli vyetu vinazunguka chini kama mtu anapita na tochi. Sekunde nne, tano, kikakatika vipande viwili kikazima.

Wengine wakaleta takbiri. Kijana mmoja akasema kimeanguka hapo ng'ambo Likoni, twende feri tukatafute jiwe. Nikamwambia ngoja mwanangu, tuhesabu kwanza.

Manake mimi mambo ya anga ndiyo niliyosomea, na jicho usiku halijui umbali kabisa, mwanga ukiwa peke yake gizani basi kikali tunakiona kiko karibu. Kimondo huanza kuwaka kilomita kama 100 juu, kinakuja kwa kasi ya kilomita 11 mpaka 72 kila sekunde (kwa kilomita 20 tu ungefika Nairobi chini ya nusu dakika), hewa iliyo mbele yake inabanwa hadi inachemka na jiwe linayeyuka, na vingi vinakwisha hukohuko juu. Sauti nayo huchelewa, kila kilomita inataka sekunde tatu, kwa hivyo kilomita 60 ni dakika tatu nzima.

Na kuhesabu si mchezo. Chelyabinsk kule Urusi, tarehe 15 Februari 2013, jiwe la mita kama 20 lilipasuka angani, watu wakakimbilia madirishani kutazama ule mwanga, halafu dakika zaidi ya moja baadaye mshindo ukafika ukavunja vioo, wakaumia kama watu 1,500. Ukiona mwanga mkubwa vile, toka dirishani.

Sisi tulihesabu hadi dakika tano, muuza mihogo naye akihesabu kwa sauti, tukasikia mawimbi tu. Kwa hivyo nadhani kilizimikia mbali, juu ya maji.

Kama ulikiona ukiwa Malindi, Diani au hata Tanga, rudi palepale uliposimama, nyoosha kidole kilipoanzia na kilipozimia, uchukue picha ya mnazi au paa lililokuwa chini yake, uniletee. Hiyo mistari ikikutana na yangu tutajua kilikuwa wapi.