Uvimbe wa nyuroendokrini: maswali ya wagonjwa na ndugu zao wa Dodoma

Daktari amesema nina uvimbe wa nyuroendokrini. Je, hiyo ni saratani?

Mara nyingi ndiyo, ingawa tabia yake hutofautiana sana na saratani nyingine. Huanzia katika seli zinazopokea taarifa za neva na kutoa homoni, ambazo zimetawanyika kwenye utumbo, kongosho, mapafu na kwingineko. Siegfried Oberndorfer, mtaalamu wa patholojia wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1907, aliamini kwamba hauna madhara makubwa, lakini mwaka 1929 aliandika kwamba unaweza kusambaa. Jambo la kumuuliza daktari kwanza ni daraja la uvimbe, linalotokana na kipimo cha nyama kinachoonyesha asilimia ya seli zinazogawanyika, kiitwacho Ki-67: chini ya 3 ni daraja la kwanza, 3 hadi 20 la pili, zaidi ya 20 la tatu. Omba nakala ya majibu hayo na uitunze pamoja na kadi yako, kwa sababu ukipewa rufaa kutoka Hospitali ya Benjamin Mkapa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, matibabu yatapangwa kwa kuyaangalia.

Mbona nilitibiwa vidonda vya tumbo na pumu kwa muda mrefu?

Kwa sababu dalili zinafanana. Uvimbe unaotoa serotonini nyingi, mojawapo ya homoni hizo, huweza kumfanya mtu aharishe mara kwa mara, uso na shingo vikawaka na kuwa vyekundu (kwa ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane, mgonjwa akahisi joto tu), na kifua kikabana. Mama wa makamo akieleza joto hilo huambiwa ni kukoma hedhi, na inaeleweka, kwa kuwa sababu za kawaida ndizo zinazotafutwa kwanza. Hata hivyo, kuharisha kunakoendelea kwa miezi bila minyoo, amiba wala VVU, tena kukiambatana na mawimbi ya joto usoni, kunastahili kuchunguzwa zaidi, na mgonjwa ana haki ya kuliomba hilo kwa heshima na bila woga.

Nimeambiwa nikusanye mkojo wa saa 24. Nifanyeje?

Kipimo hiki hutafuta mabaki ya serotonini, na huharibika kwa urahisi. Mkojo wa kwanza wa asubuhi unaumwaga na kuandika saa. Kuanzia hapo kila tone linaingia kwenye chombo ulichopewa na maabara, pamoja na mkojo wa kwanza wa kesho yake. Chombo kikae mahali pa baridi, mbali na mwanga, na usimwage dawa iliyomo ndani yake. Kwa takribani siku tatu kabla ya kuanza, na siku ya kukusanya, epuka ndizi, nanasi, parachichi, nyanya na korosho, kwa kuwa baadhi ya vyakula hivi hupandisha kiwango hata kwa mtu mzima wa afya; ugali wa mtama au uwele hauna tatizo, ila mboga ipikwe bila nyanya. Kipimo cha damu cha kromogranini A, protini inayotolewa na seli za uvimbe huu, nacho hupanda kwa watumiaji wa omeprazo, dawa ya kupunguza asidi tumboni, ambao mjini kwetu ni wengi mno, kwa hiyo mtajie daktari dawa hiyo hata kama uliinunua mwenyewe dukani. Usiiache bila kumuuliza.

Nikifanyiwa upasuaji wa kitu kingine?

Mwambie mtaalamu wa dawa za usingizi mapema. Homoni zikimwagika ghafla, shinikizo la damu linaweza kuyumba vibaya, na kuna dawa ya kuzuia.

Matibabu yapo?

Yapo. Uvimbe ambao haujasambaa huondolewa kwa upasuaji, na wengi hupona. Uliosambaa hudhibitiwa kwa sindano za oktreotaidi au lanreotaidi, kwa kawaida kila baada ya wiki nne, ambazo hupunguza dalili na pia kuchelewesha ukuaji: utafiti wa Ujerumani uliotolewa mwaka 2009 ulionyesha kuwa muda wa kati kabla ya uvimbe kukua ulikuwa miezi 14.3 kwa waliotumia oktreotaidi, na 6 kwa wasioitumia. Kwa uvimbe wa kongosho kuna pia vidonge vya everolimasi na sunitinibu.

Hatua iliyonipa matumaini zaidi ni ya lutesiamu-177, chembe ya mionzi inayofungwa kwenye molekuli inayonata kwenye seli za uvimbe, ikaziunguza kwa karibu. Katika utafiti wa NETTER-1 wa mwaka 2017, uliohusu wagonjwa 229 wenye uvimbe wa utumbo, asilimia 65.2 ya waliopewa tiba hiyo walikadiriwa kuwa hai bila ugonjwa kuendelea baada ya miezi 20, dhidi ya 10.8 ya waliopewa oktreotaidi ya dozi kubwa. Si kila mgonjwa anafaa. Lazima picha maalumu ionyeshe kwamba seli za uvimbe wake zina vipokezi, yaani sehemu ambazo molekuli hiyo hunata.

Nikiombwa kushiriki utafiti hapa nchini?

Uliza kama utafiti huo una kibali cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na kama ni wa dawa, kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Fomu ya ridhaa uisome, au usomewe kwa Kiswahili mbele ya ndugu unayemwamini, na ujue kwamba unaweza kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu yako ya kawaida.